Nilivyokula Risasi za Baba

Mimi ndiye niliyekula risasi za baba. Nasema hapa mwanzoni ili mtu asianze kumshuku panya, maana panya wa watu alisingiziwa vya kutosha.

Alikuwa panya buku, yule mkubwa, anayepita uani mchana kweupe kana kwamba nyumba za mtaa wetu wa Jericho alipewa yeye. Alianza na sabuni. Akaja kwa leso. Siku alipotafuna kiatu cha mama cha kanisani, tena cha kushoto peke yake, mama alisimama mlangoni akatangaza kwamba Jumatatu analeta sumu. Baba akasema sumu itamaliza kuku wa jirani kabla ya kumfikia panya, na kwamba yeye, mtoto wa mwindaji wa Ukambani, hawezi kuvumilia aibu hiyo. Atamwinda.

"Utamwinda na nini?" mama akauliza.

"Na feya."

Feya ndiyo manati. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba hakujali. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita baada ya miaka mingi ya kuwa fundi wa mashine huko Industrial Area, na tangu astaafu alikuwa ametengeneza kila kitu nyumbani ambacho hakikuwa kimeharibika. Alihitaji kazi, na panya akamletea.

Mimi nilikuwa nimerudi kukaa kwa wazazi kwa muda. Mume wangu ni dereva wa lori, anaenda mpakani na kurudi akitaka, na nyumba yetu ya Kayole iko ghorofa ya tano. Nikawaambia wazazi kwamba nimechoka na ngazi na upweke. Uongo mtupu. Nilikuwa na mimba ya tatu, na sikutaka mtu ajue isipokuwa mume wangu. Zile mbili za kwanza nilizitangaza mapema. Kina mama wa kanisa walikuja na vigelegele, na kila mara, baada ya miezi michache, wakarudi walewale na sauti za chini na sufuria za chakula. Nikaapa kwamba huyu wa tatu hatatajwa. Atajitaja mwenyewe akishindwa kujificha. Niliogopa jamani, niliogopa hata kumwota.

Basi baba akaanza kuchagua risasi. Wiki nzima! Rafiki zake wa zamani kiwandani walimletea gololi za beringi, zinang'aa hadi raha. Akazipima kiganjani, akazikataa. Nzito mno, akasema, na ukikosa inagonga ukuta inakurudia wewe. Akajaribu nati. Nati ina tundu, ikiruka inapiga mluzi, panya anasikia anakuaga. Kokoto nazo hazina adabu, kila moja ina kwao. Nilikaa kwenye kibao karibu naye nikichambua mboga, namsikiliza.

"Mwaitu," akaniambia, "risasi ya kweli ni ya udongo."

Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo tangu utotoni ananiita Mwaitu, yaani mama yangu, hata akiwa ananigombeza.

Akaagiza udongo wa kichuguu kutoka kwao, ukaja na basi ndani ya gunia dogo. Akauponda, akauchekecha na chekecheo ya mama bila ruhusa, akaunyunyizia maji. Hapo ndipo nilipopatikana. Ile harufu! Harufu ya ardhi mvua ikianza tu kudondoka. Mate yalinijaa mdomoni nikalazimika kuinama nijifanye natafuta kisu.

Mwanamke mwenye mimba akitaka udongo anajua pa kwenda. Pale sokoni Jericho wanauza odowa, yale mawe laini ya kutafuna, yamepangwa mafungu mafungu. Lakini muuza odowa ana macho kuliko daktari. Ukinunua fungu moja, kabla hujafika nyumbani mtaa mzima umeshakuhesabia miezi. Na nesi wa kliniki alikuwa amenikataza kabisa kula udongo, nami nikamwitikia kwa adabu zote. Sasa nifanyeje, na baba amejipanga uani kuufinyanga, tena kwa vipimo vya kutosha mdomo?

Alitengeneza ishirini na nne. Akaziviringa kwa viganja, akazianika kivulini siku mbili, akazifukia kwenye majivu ya moto ya jiko hadi zikakauka vizuri. Akazipanga kwenye sinia juu ya meza ya uani. Asubuhi ya kwanza nilichukua moja tu. Ilivunjika kwenye meno taratibu, ikayeyuka, ina ladha ya moshi kidogo. Nikasema Mungu nisamehe, nikachukua nyingine.

Kufika saa nne zilikuwa kumi na tisa.

"Ameiba risasi," baba akasema. Alikuwa ameduwaa.

"Nani?" mama akauliza.

"Panya."

"Panya anakula risasi zako? Basi hata ukimpiga atashukuru kwa chakula."

Baba akahamishia risasi ndani ya mkebe wa majani chai wenye kifuniko kigumu. Nikafungua kwa kijiko, nikala tatu, nikafunga. Alipohesabu, alikaa chini. "Anafungua mkebe," akasema polepole, "na anafunga." Nilimwona macho yakimtoka kwa heshima. Kwa siku kadhaa alimzungumzia yule panya vizuri kuliko anavyowazungumzia wakwe zake, mume wangu akiwemo. Akatengeneza risasi nyingine, akavuta mpira wa feya upya, akawa anakaa nyuma ya pipa la maji asubuhi nzima bila kukohoa. Wazee wanaocheza drafti kando ya duka walipata habari, maana mama hawezi kubeba jambo tamu peke yake. Kila baba akipita wanamwuliza kama panya amepokea mzigo wa leo. Alikuwa akijibu kwa kuinua kofia na kwenda zake, lakini nilijua inamuuma. Na bado nilikula. Sina la kujitetea.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata kumi na tano. Jumapili moja mama akaenda kanisani, mimi nikasingizia kichwa. Baba alikuwa amenyunyiza unga wa ngano kuzunguka meza, kama baba yake alivyokuwa akimwaga majivu kusoma nyayo. Sikuuona. Nilitoka na dera langu pana, nikafungua mkebe, nikatia mbili mdomoni kwa mpigo. Kugeuka, baba yuko mlangoni anatazama alama za ndala zangu sakafuni.

"Mwaitu, umeona panya?"

"Mm-mm," nikajibu, mdomo nimeubana.

"Fungua mdomo."

Mtu mzima, mke wa mtu, nikafungua mdomo mbele ya babangu, umejaa udongo hadi kwenye fizi. Alitazama mdomo, akatazama dera. Tabasamu lililokuwa linamjia likaondoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema kwa sauti ndogo. Halafu, "Miezi mingapi?"

"Minne na siku." Nikaanza kulia, na udongo wenyewe bado unanitoka. "Baba, tafadhali usimwambie mama. Wakija tena na vigelegele nitampoteza. Najua ni ujinga, lakini ndivyo ninavyohisi."

Hakuniambia ni ujinga. Alinivutia kibao nikakaa, akaniletea maji nisukutue. Akaniambia baba yake alipotoka kwenda kuwinda, ukimwuliza anakwenda wapi atakwambia anatafuta mbuzi aliyepotea. Hata mkewe alimwambia hivyo, na mkewe alijua, na hakuuliza mara ya pili. Mnyama hatajwi kabla hajafika nyumbani. "Na mimi natafuta mbuzi tu," baba akasema. "Lakini punguza udongo. Nusu ya risasi kwa siku, na hiyo nusu nitakugawia mimi."

Kuanzia hapo mwindaji na panya tukawa kitu kimoja. Kila asubuhi baba alihesabu kwa sauti, akapiga kelele kwamba zimepungua, akarudi kujificha nyuma ya pipa. Baba yangu hajui kudanganya. Masikio yake humsaliti, yanakuwa mekundu. Alijitahidi vibaya mno, na mimi nilimpenda kwa hilo hadi kifua kikaniuma.

Tatizo likawa mama. Alhamisi moja, akiwa anafagia, panya buku halisi alimkatiza miguuni. Mama hakuchagua risasi. Alimtandika na mwiko wa ugali mara moja, akamweka kwenye gazeti mlangoni ili kila anayepita amwone, akachemsha chai. Kesho yake asubuhi akauchukua ule mkebe mwenyewe na kuhesabu.

"Jana jioni zilikuwa kumi na sita," akasema. "Leo kumi na tano. Panya amekufa. Nani anakula?"

Nilikuwa nimeketi kando yake. Mama alianza kugeuza kichwa polepole kuelekea upande wangu, na nilihisi kila kitu kinakwisha, vigelegele ninavisikia tayari.

Baba akanyoosha mkono, akatoa risasi moja mkebeni, akaitia mdomoni. Akatafuna. Ilisikika kama mtu anakanyaga kokoto.

"Mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nimeizoea." Akachukua ya pili, akaitafuna pia, machozi yakimlengalenga kwa ukavu, na masikio yote mawili mekundu kama pilipili.

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akalitazama dera langu kwa kitambo. Hadi leo sijui aliamini nini. Akafunika mkebe, akajitupia leso, akatoka. Kufika mchana, Jericho yote ilijua kwamba mzee wa nyumba yetu ana hamu ya udongo.

Jumamosi tulitoka sokoni pamoja, baba mbele, mimi nyuma yake na mboga. Wazee wa drafti walikuwa wakimsubiri. Mmoja akasimama kabisa, akamtolea kiti kwa unyenyekevu wa uongo.

"Kaa, mzee, hali yako hairuhusu kusimama. Na unajifungua lini?"

Wakaangua kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Baba alivua kofia, akaishika kifuani, na masikio yake hayakubadilika rangi hata kidogo.

"Mwezi wa sita," akawajibu. "Na atafika."

Walicheka hadi kete za drafti zikamwagika. Mimi nilisimama pale nikilia juu ya sukumawiki, maana hakuna mtu, hata mimi mwenyewe, aliyekuwa amethubutu kulisema hilo kwa sauti.