Foku Iliyoishiwa na Hewa ya Milima

Kwa muda mrefu niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu, kwamba miguu ya mbele ya baiskeli za milimani imejazwa hewa ya milima ya Ulaya. Si hewa hii yetu ya kila mtu. Ni ile ya kwenye theluji, iliyopigwa pampu huko huko juu na kufungiwa ndani kabla haijapata joto. Ndiyo maana foku hizo hubonyea na kuinuka zikipita shimo. Na ole wake atakayefungua kifuniko: hewa ingetoka kwa kishindo, imng'oe kichwa, na kichwa kitafutwe Tanzania. Haya niliambiwa na Onkundi, niliyesoma naye darasa la jioni la watu wazima, naye aliambiwa na binamu yake aliyewahi kulinda nyumba ya mzungu. Ushahidi gani zaidi ungetaka?

Baiskeli yenyewe niliinunua kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao. Gesima nzima hakukuwa na nyingine. Nilipoipitisha mara ya kwanza, wachumaji chai walisimama na majani mkononi hadi yakanyauka. Kazi yake ilikuwa moja: kila Jumatatu kupeleka mjini Kisii mayai ya mke wangu Moraa na kina mama wenzake wa kikundi, kwa mama mmoja mwenye duka la mikate.

Kisha foku ikachoka. Haikuinuka tena, ilizama ikabaki chini, na kila jiwe likagonga ko! hadi kwenye fizi. Jumatatu mbili mfululizo trei zilifika zikiwa uji. Mama wa mikate hakupaza sauti. "Baba, ukiniletea uji mara ya tatu, usirudi. Kuna mtu wa Keroka ana pikapu." Nilipomfikishia Moraa maneno hayo hakunigombeza. Alilitazama tu banda la kuku alilolijenga kwa mikono yake. Afadhali angenigombeza.

Onkundi ndiye aliyenipa tumaini. Sokoni Nyamarambe, alisema, kuna mzee Nyamweya, fundi wa taa za karabai. Mtu anayeitia taa hewa mpaka ikawaka kama jua la pili atashindwaje na baiskeli?

Ijumaa alfajiri nikaondoka Gesima, umande bado uko kwenye chai. Nilipita njia ya Manga, maana barabara kubwa ina malori na mimi bado naupenda uhai. Mlima wa Manga umesimama kama ukuta wa benki. Baiskeli niliibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba. Kule juu vijana wa boda boda walikuwa wameegemea baiskeli zao nyeusi za kawaida, wakisubiri abiria.

"Mzee, farasi wako mbona anapiga magoti?" mmoja akauliza.

"Anaomba," mwenzake akajibu. "Hamwoni leo Ijumaa? Anajiandaa kwa Sabato."

Niliwaambia nakwenda kujaza hewa. Wao pia walikuwa wameisikia habari ile, na mmoja akasogeza baiskeli yake mbali na yangu.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa Kisii mjini, meno yamehama kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaingia duka la vipuri la Mama Hansa, Mhindi aliyezaliwa papa hapa Kisii, anayekugombeza kwa Ekegusii usipoelewa Kiswahili. Nikamuuliza kama anauza hewa ya milima ya Ulaya.

Alicheka hadi akashika kaunta. "Bwana Mayai! Umeifungua hiyo foku ukaona kilichomo?"

"Nifungue nife?"

"Basi nenda ukaifungue, halafu urudi tuongee."

Nikajiambia, huyu hana hewa dukani, anaficha aibu ya biashara. Nikaondoka bila kuaga.

Kutoka Kisii kwenda Nyamarambe barabara ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo mengine. Mengine yalikuwa makubwa kiasi cha kuwa na wenyeji wake. Nilifika sokoni jua likielekea kuzama, nikaelekezwa kwa mzee Nyamweya. Nilimkuta akifunga sanduku la vyuma.

"Bwairire, omogaka," nikamwamkia kwa heshima ya jioni. "Nimetoka Gesima kwa sababu ya hewa."

Alisikiliza yote, akaigusa foku kwa kidole kimoja, akatazama magharibi. "Kijana, jua limeinama. Bisibisi imelala. Itaamka baada ya Sabato."

"Mzee, ni parafujo moja tu!"

"Hata Mungu alibakiza kazi, akapumzika. Ingia ule."

Basi nikakaa. Mkewe, Mama Bosibori, alinipa ugali wa wimbi na chinsaga iliyolala kwenye maziwa, mboga chungu inayomfanya mtu asamehe kila kitu. Jumamosi tukaenda kanisani, nikatambulishwa kuwa "mgeni aliyeletwa na hewa." Mwili ulikuwa kwenye benchi, roho iko Gesima ikihesabu kuku. Jioni jua likazama, lakini mzee akasema kazi ya kufa haifanywi gizani.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, mzee Nyamweya akanikabidhi spana.

"Fungua wewe."

"Si wewe ndiwe fundi?"

"Mimi ni fundi wa taa. Hewa ya taa naijua, hii hatujaonana. Na kifo huanza na mwenye mali."

Akaenda kusimama nyuma ya migomba, ambako nusu ya majirani walikuwa wameshajipanga. Nilivaa sufuria kichwani. Kutoka migombani Mama Bosibori akaita, "Mgeni! Ukifa, baiskeli tumpelekee nani?"

"Moraa wa Gesima!"

"Na sufuria yangu?"

Nikafumba macho, nikazungusha. Hakuna kishindo. Nikazungusha tena, kifuniko kikatoka kwa adabu kama cha chupa ya dawa. Nilipoinamisha foku, vikamwagika vipande vya rangi ya manjano, vikavu, vikipukutika kama ugali wa juzi.

"Hewa imeganda," nikasema.

Mzee akaja, akavinusa. "Imeganda kabisa. Kama mafuta ya ng'ombe. Na ikishaganda hivi, mimi siwezi kuirudisha."

Nilikaa chini, sufuria bado kichwani. Nilimwona mtu wa Keroka na pikapu yake, nikaliona banda la Moraa tupu. Mama Bosibori alinitazama, kisha akatazama miguu yangu.

"Nyinyi wanaume na hewa! Si mnataka kitu kinachobonyea kikarudi? Vua hizo akala."

Nikavua viatu vyangu vya tairi. Akaleta na ndara yake kuukuu. Mzee alikata viduara kwa kisu, kimoja cha tairi kigumu, kimoja cha ndara laini, tukavipanga ndani ya kila mguu hadi juu, tukafunga. Nikaiegemea kwa nguvu. Ikabonyea. Ikarudi! Migomba yote ikapiga vigelegele.

Mama Bosibori akafunga yai moja kwenye leso, akalining'iniza kwenye usukani. "Likifika Gesima zima, umepona."

Nilirudi peku, siku hiyo hiyo. Mashimo ya Nyamarambe niliyapita nikiimba. Pale Manga vijana wa boda boda walipoiona foku ikicheza, waliniuliza hewa ya huku kwetu inapatikana wapi. Nikawaambia hiyo ni siri ya fundi. Jioni Moraa alifungua leso, akalishika yai mikononi kama mtoto wa siku moja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ule uji.

Jumatatu mama wa mikate alifunua trei moja baada ya nyingine akitafuta kosa. Akapata yai moja lenye ufa, nikaapa kuku alilitaga hivyo. "Jumatatu ijayo usichelewe," akasema, na hapo mtu wa Keroka akawa amekwisha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Hansa, kifua mbele. Nikamweleza jinsi ilivyoganda hewa ya Ulaya, na jinsi sisi Wakisii tulivyoishinda kwa akala na ndara. Kwenye kiganja nikamwonyesha vile vipande vya manjano, ushahidi.

Alikichukua kimoja, akakibonya kwa kucha, akanirudishia.

"Bwana Mayai, humo hakujawahi kuwa na hewa. Hii ni raba. Ilikuwa raba tangu kiwandani. Ikazeeka, ikavunjika, ukaweka raba nyingine."