Chaki Kwenye Mkono Uliolala

Kiharusi kilinipiga nikiwa napepeta mchele, mkono wa kulia ukalala. Mwanangu alikuja kutoka Iyunga akaniambia wazi: huo mkono usiposhika hata kikombe mpaka baridi iishe, tunafunga nyumba, unahamia kwangu Mbeya. Sikubishana. Mtu asiyeweza kujimenyea kiazi abishane na nani?

Lakini Ipogolo ni kwangu. Nyumba ile niliisiriba kwa kiganja hiki hiki, udongo mwekundu chini, mweupe juu.

Binti anayenifanyisha mazoezi ya mkono hospitalini alinipa chaki za rangi, laini, zinaitwa pasteli. Alisema penseli inataka nguvu, hizi hazitaki. Ukigusa tu karatasi, rangi imetoka. Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la pili, na hata huko sikuchora.

"Bibi, sikufundishi kuchora," alisema. "Nautafuta mkono wako."

Nyumbani nikafanya ninavyojua mimi. Rangi ya kusiriba huwa inalowekwa. Nikazitia chaki kwenye bakuli la maji, nikaenda kuota jua. Kurudi, ni uji. Nyekundu, njano, bluu, zote tope moja. Nililia pale jikoni, mimi niliyemzika mume wangu bila kupiga kelele.

Vipande viwili tu nilikuwa nimevisahau kwenye boksi, kahawia na nyeupe. Binti alinigombeza, kisha akanionyesha: chaki iwe kavu, ilaze ubavu, buruta, halafu sambaza rangi kwa kidole. Kusambaza nilikujua. Vidole ndivyo vilivyosahau. Kila siku nilivibana kwenye chaki kwa mkono wa kushoto, vinaachia. Navibana, vinaachia. Nilivitukana Kihehe.

Baridi ilipoanza kupungua mwanangu akaja. Nikaweka karatasi mezani, nikaburuta mkono wote kutoka begani. Chaki ikaacha alama pana ya kahawia, ikaanguka.

"Mama, hilo ni doa," alisema taratibu.

"Ni doa. Mwezi uliopita hapakuwa na kitu."

Kisha akauliza ufunguo wa mlango uko wapi.

Sasa niko Iyunga. Malori yanapita mchana kutwa, mke wa mwanangu ananiogesha kama mtoto. Asubuhi nabana chaki. Juzi kidole gumba kilisukuma rangi chenyewe, kidogo, upana wa punje ya mahindi. Sikumwambia mtu. Kikombe bado kinanishinda.