Kijito cha Mwizi wa Wavu

"Babu yako alikunywa maji ya hapa siku gani, Katongo? Siku alipopita anakimbia kodi?"

Rosaria alisema hayo mbele ya bwana wa ramani, mwaka 1955, kando ya kijito kidogo kinachoingia ziwa Mweru upande wa Kafutuma. Muzungu huyo alikuwa akikusanya majina ya maji yote. Kijito hiki hakikuwa na jina. Watu walisema "kule chini" wakaelewana. Katongo, aliyekuwa akimwongoza Muzungu njia, akaona nafasi, akataja jina la babu yake.

Kwa Rosaria hilo lilikuwa chumvi kwenye kidonda. Miaka minne nyuma alimzika mumewe Chisenga, na matanga hayajaisha, wavu wa marehemu ukaibwa ulipoanikwa, papo hapo kwenye kijito. Mwezi uliofuata Katongo akaonekana na wavu wa nyuzi zilizofumuliwa kwenye matairi, kama ule, ila umepakwa rangi ya magome. Rangi iliwadanganya wengine. Rosaria aliyajua mafundo ya mumewe kama anavyojua meno yake. Alishtaki kwa chifu. Wazee wakasema fundo halina mdomo. Akarudi kukausha samaki, akawauzia watu wa Kongo, akamlea binti yake Chola kwa moshi ule ule. Hasira nayo ilikauka vizuri, haikuoza.

"Basi, mama," bwana aliuliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "jina la kweli ni lipi?"

"Kwanza useme, kwenu munaita maji namna gani?"

Akamwambia yeye ni Mskoti, na bibi yake alisema Kigaeli, lugha ya kwao ya zamani. Loch Dubh ni ziwa jeusi. Na karibu na kwa bibi kuna Allt a' Mhèirlich, kijito cha mwizi.

"Aliiba nini?"

"Hakuna anayejua. Alikufa labda miaka mia tatu iliyopita."

"Na jina lingaliko?"

"Liko kwenye ramani."

Rosaria akacheka mpaka akashika kiuno. Mia tatu! Chifu angemtoza Katongo mbuzi, na mbuzi huliwa siku moja.

"Andika: Kijito cha Mwizi wa Wavu."

"Naandika kwa penseli. Nikisikia watu wanakiita hivyo hadi Ijumaa, natia wino."

Katongo alisikia yote, akatazama viatu vyake.

Kufika Jumatano wanawake wanaoloweka mihogo walikuwa wakiitana, "Twende kwa Mwizi!" Watoto wakatunga wimbo wake. Mpundu, mke wa Katongo, alirudi kutoka kijitoni na mtungi nusu, wimbo ukimfuata, akamgeukia mumewe.

"Wajukuu wetu wakiulizwa ni mwizi gani, utajibu weye?"

Alhamisi, mchana kweupe, Katongo akaja kijitoni na mzigo begani, akamwita Rosaria kwa jina la binti yake.

"Bana Chola, nimeleta."

"Umeleta nini? Taja, wanawake wasikie."

"Wavu ya... ya bwana yako."

Rosaria akautandaza, akahesabu palipochanika: matundu kumi na moja.

"Chisenga aliuacha muzima. Kaa chini."

Akaketi, akashona mbele ya wanawake, na siku hiyo mihogo ilichukua muda mrefu ajabu kulowekwa. Tundu la mwisho lilipozibwa, Rosaria akaukagua wavu jicho kwa jicho, kisha akaenda hadi hema la bwana.

"Futa. Amelipa."

Bwana akafuta, akapuliza karatasi. Rosaria alisimama pale mpaka alama ya mwisho ya penseli ilipotoka, ndipo akaupakia wavu kichwani na kwenda nyumbani.