Chale za Kaka Yangu

Juzi mjukuu wa kaka alinipandisha hasira. Tulikuwa tumekaa uani, hapa Mulongwe, mtaa wa Uvira, tunakula bukari, ndio ugali wetu, kwa ndakala, dagaa wa ziwani, naye akamlalia babu yake kifuani akaanza kumkwaruza kwa kucha. "Babu, hapa iko laini sana! Hausikie?" Nikamfokea mtoto wa watu: hebu ondoka hapo! Kaka akacheka. Mimi sikucheka, rafiki yangu, maana palepale ilinijia puani harufu ya ngozi mbichi.

Nyanya yetu alikuwa fundi wa ngozi. Wachungaji wa Rurambo walimteremshia za ng'ombe na za kondoo, naye akaziwamba kwa vigingi uani huuhuu, akazikwangua mafuta kwa kipande cha jembe kuukuu, kwaru, kwaru, tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbwa na kupaka siagi. Za kondoo alizilainisha ziwe za kubebea watoto mgongoni. Jamani, mtoto aliyebebwa kwa ngozi ya nyanya alilala fofofo hata mvua ikinyesha.

Shuleni mwalimu wetu alituchorea ngozi ubaoni kwa chaki za rangi. Juu, alisema, ni tabaka lililokufa, linapukutika kila siku. Uhai uko chini, kwenye damu, jasho, mizizi ya nywele, na mishipa inayotuambia kwamba moto ni moto. "Mukijikata juujuu, ngozi itarudi. Mukifika chini, alama haitoki mpaka kaburini." Tuliyarudia maneno hayo kwa sauti moja huku tukijifinya mikono.

Kisha uasi ukaingia Uvira. Simba, ndivyo waasi walivyojiita, walimuua karani mmoja sokoni kwa panga, mchana kweupe, sisi tukiangalia. Halafu wakakusanya wanaume, wenye kutaka na wasiotaka, wakawachanja chale tatu kifuani, wakasugua majivu meusi, wakawamwagia maji: sasa risasi haziwaingii! Kaka na mwalimu walichanjwa siku moja. Uongo mtupu! Niliwaona vijana wa mtaa wetu wakienda kwenye bunduki vifua wazi, na niliona walivyorudishwa.

Wanajeshi wa serikali walipokaribia, habari iliwatangulia: wanavua watu mashati, na mwenye chale anauawa palepale. Kaka akashuka ziwani, akajisugua kwa mawe na mchanga mpaka akatoka damu. Kidonda kilipokauka, chale zilikuwa palepale. Alilia kama mtoto.

Nyanya hakulia. Alitia kile chuma chake cha kukwangulia motoni mpaka kikawa chekundu. "Weye, kalia miguu yake," akaniambia. "Ukimuachilia, watamuua." Kaka akauma kipande cha ngozi ya kondoo. Nyanya akabonyeza chuma kifuani, akainua, akabonyeza tena. Nyama iliungua nikiisikia, nikajikojolea, lakini miguu sikuiachia. Mwishowe akakitupa chuma, akamwekea kaka kiganja kifuani. "Imeisha, mwanangu. Imeisha."

Siku chache baadaye wanajeshi waliingia, wakatupanga mstari barabarani. Mwalimu alitutangulia. Akavua shati, akalikunja vizuri kama kawaida yake. Walimpiga risasi, na damu yake ikarukia gauni langu. Zamu ya kaka ikafika. Kidonda chake kilikuwa kinatoa usaha.

"Iko nini hapa?" askari akauliza.

"Iko na kifafa," nyanya akajibu. "Kilimuangusha mu moto."

Kifafa! Zama zile watu waliamini kwamba ukimgusa tu mwenye kifafa, umekipata. Askari akaruka nyuma, akatufukuza kwa mtutu wa bunduki. "Pitisha muntu wako! Haraka!"

Nyanya amekwisha kufa, siku nyingi sasa. Watoto wanabebwa kwa vitenge, uani hakuna kigingi hata kimoja, na mimi mwenyewe nimesahau siagi ilichanganywa na nini. Kifua cha kaka hakitoi jasho wala hakioti nywele. Juzi, mtoto alipokwisha kwenda kucheza, nilimuuliza kaka kama kweli hapo hasikii kitu kabisa.

Akajishika kifua.

"Kitu cha mwisho nilisikia hapa," akasema, "iko mukono ya nyanya."