Magunia Yenye Alama ya Bluu

Kilichoninyima usingizi miaka yangu ya kwanza kazini hakikuwa njaa, ingawa sukari na sabuni vilikuwa vimeadimika madukani. Kilikuwa gunia. Gunia la katani huishi misimu mingapi? Na nitajuaje kwamba nimelipima lenyewe, si kitu kingine?

Nilifika Babati nikitoka chuo kikuu. Meneja wa ghala la mazao, mzee mnene mwenye sauti ya gwaride, alinipa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia.

"Umesomea nini?"

"Mazingira, mzee."

"Basi mazingira yako ni haya." Alionyesha rundo la magunia yaliyochakaa. "Mkoa unataka kutuletea ya plastiki. Mimi nataka katani. Tumepewa misimu miwili ya kujaribu. Nitafutie sababu."

Kazi hiyo leo ina majina marefu. Sisi tuliita kufuata maisha ya gunia. Unaanza katani inapokatwa, unaangalia maji ya kuisafisha na uchafu unaorudi mtoni, mafuta ya lori, mpaka gunia linapokufa. La katani huoza shambani. La plastiki haliozi. Niliwahi kuona nyuzi zake zikitolewa tumboni mwa ng'ombe machinjioni. Madhara yote hayo unayajumlisha, kisha unayagawanya kwa misimu ambayo gunia lilibeba mazao. Likibeba msimu mmoja tu ni hasara, hata likiwa la katani. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea umri.

Nilipaka baadhi ya magunia mapya alama ya bluu ili niyatambue, yakagawiwa kwa wakulima wa Mutuka na Bonga pamoja na mengine mapya ya katani yasiyo na alama. Baada ya misimu miwili, yenye alama yalirudi karibu yote, mazima. Yale mengine yalirudi matambara.

"Andika hayo mazima!" Meneja akafurahi. "Katani imeshinda."

Mimi nikaingiwa na wasiwasi. Labda rangi inafukuza panya? Labda nilichagua yaliyo imara bila kujua?

"Kijana," Meneja akasema, "wewe ukipewa chai yenye sukari utauliza sukari imetoka wapi."

"Kwa hali ya sasa, mzee, ningeuliza."

Alicheka, akaniazima baiskeli.

Nilikwenda Mutuka kwa Mama Paulo, mmoja wa wakulima wale. Baada ya shikamoo na marahaba, nikaona gunia langu limetundikwa juu ya jiko, kwenye moshi, limetiwa kiraka kizuri. Lisilo na alama lilikuwa mlangoni, watu wanafutia miguu.

"Mama Paulo, mbona hili umelitundika?"

"Hilo ni la serikali."

"Yote ni ya ghala, mama."

"Hilo lina rangi. Kitu chenye rangi kina mwenyewe, na mwenyewe siku moja atakuja kuuliza. Si umekuja?"

Nilicheka, lakini njiani kurudi nikaelewa. Sikuwa nimepima katani. Nilikuwa nimepima watu wanavyoiogopa rangi.

"Ukiandika hivyo plastiki inakuja," Meneja akasema.

"Nisipoandika, mzee, tutaletewa katani isiyo na rangi. Msimu mmoja tu itakuwa ya kufutia miguu, na mahindi yatalala chini."

Akaketi juu ya rundo la magunia. "Sasa?"

Nimestaafu, ninakaa Bagara. Baada ya magunia nilipima makopo, chupa na makaratasi, na wasiwasi ule haukuniacha. Nimeuzoea kama miwani. Vijana wakija na hesabu zao nzuri za vifungashio huwauliza kwanza: mwenye kukitumia alijua mnamtazama? Huwa wanakasirika kidogo, kisha wanakaa tunakunywa chai, nami ninaridhika. Mkoa ulituachia katani, ila siku ile hatukujua kama ungekubali.

Niliandika ripoti kama mambo yalivyokuwa: gunia lenye mwenyewe huishi, lisilo naye hufa mapema. Nikaipeleka posta mwenyewe nisije nikabadili mawazo. Kisha nikamwomba Meneja ufunguo wa stoo ya rangi. Alivua koti, akachukua brashi ya pili. Kufikia jioni hapakuwa na gunia ghalani lisilo na alama ya bluu.