Kiungo Kilichochomewa kwenye Lango la Chumvi

Niliondoka nyumbani Malindi kwa sababu Bi Zuhura wa kule Gongoni alinipigia simu akasema bahari inamla. Bamvua iliyopita, bahari ilipojaa kupita kawaida, lango la maji la mashamba yake ya chumvi halikufunga, maji yakaingia, chumvi ya kuvunwa ikayeyuka yote. Sasa nyingine imeiva, na bamvua ni leo alasiri. Mafundi wawili wameshindwa. Basi aitwe nani? Mimi, niliyeishia darasa la nne na leo nina karakana yenye jina langu ukutani.

Asubuhi nikavuka daraja la Sabaki kwa pikapu yangu mwenyewe, si ya kuazima. Mbele ya Gongoni nchi ikageuka nyeupe. Mabwawa ya chumvi yameshika mbingu nzima kama kioo. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wamesimama kwa mguu mmoja juu ya mawingu. Nikapunguza mwendo. Niliona kama naendesha hewani, na nikikohoa nitaanguka.

Langoni alinipokea Bi Zuhura, buibui lake limepauka kwa chumvi, pamoja na msimamizi wake, Kazungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Nasikia weye hushindwi."

"Sijashindwa bado."

"Bado!" Kazungu akacheka.

Lango lile hushushwa na mota. Ubavuni lina sensa, bomba jembamba lenye ufito wa chuma unaoingia na kutoka. Ufito umeshikana na lango, nao ndio huiambia mota lango limefika wapi. Gurudumu la kushushia kwa mkono lilishaliwa na kutu. Ufito umepinda. Nikatoa mashine ya kuchomea, nikatangaza nitaweka ufito mnene usiotikisika hadi kiama.

"Lishushe kwanza nilione."

Kazungu akabonyeza. Lango likashuka likisukumwa na maji, likienda upande kidogo, kama mtu atembeaye usingizini. Ufito haukuweza kwenda nalo. Ukajikunja kama upinde, ukakwama. Sensa ikasema lango limesimama. Mota ikatii, ikazima. Chini pakabaki uwazi wa shubiri.

Nikapiga magoti. Pale ufito unaposhika lango pana kiungo chenye gololi ndani, cha kugeuka kila upande lango linapoyumba. Kilikuwa kimejaa madonge ya weldi.

"Nani kakichomea hiki?"

"Mie," akasema Kazungu. "Kilikuwa kinacheza. Kitu kikicheza si kibovu hicho?"

Nikaitazama mashine iliyokuwa bado mkononi mwangu. Sisi wa karakana ndivyo tulivyo: kikilegea tunakaza, kikitikisika tunachomea.

Bi Zuhura akatazama baharini. "Amueni, wanangu. Maji yaja."

Nikaiweka mashine chini. Nikakata weldi, nikafunga ufito mpya, na kiungo cha gololi kila mwisho. Nilipokigusa kiligeuka laini, kama jicho la mtoto.

Alasiri bahari ikaja bila kelele. Lango likashuka likiyumba. Viungo vikageuka, ufito ukateleza bila kujipinda. Likagusa sakafu. Maji yakapanda nje, yakapapasa mbao, yakakosa njia. Upande wetu chumvi ikameta, kavu. Bi Zuhura akavua viatu, akatembea juu yake polepole.

Kurudi, jua likiwa usoni, niliendesha kama niliyelewa weupe ule. Kwa kukaza nimejenga nyumba, sitakataa. Lakini karakanani nimeweka sheria mpya, na mimi mwenyewe naifuata: kinachotikisika hakichomewi mpaka tujue kinafuata mwendo wa nini.