Zeze la Ng'ambo

Kwenye kivuko cha Nansio, binti mmoja alimpachika mama yake hedifoni sikioni.

"Mama, sikia muziki niliougundua. Wazungu wa milimani huko ng'ambo. Gitaa, fidla na sauti tu, hakuna mbwembwe."

Mama akasikiliza. Punde kisigino kikaanza kugonga sakafu.

"Wanalima nini hawa?"

"Hawalimi, mama. Wanaimba tu."

"Mwendo huu ni wa jembe. Kwetu Magu, kwa wimbo huu tungemaliza shamba zima la pamba." Akaichomoa hedifoni, akamrudishia. "Sasa babu yako akipiga zeze lake, mbona unafunga mlango?"

Honi ya kivuko ikamwokoa binti.

Ushauri wangu kwa babu: ahamie ng'ambo na zeze lake. Mjukuu atamgundua kwenye simu.